Mfalme, Shika Mabati

Mwanangu Rispa,

Barua huanza kwa kuuliza hali, lakini hali yako naijua. Uko nyuma ya hili pazia, umelala chali, unakoroma kama marehemu guga yako, baba yangu mzazi, na sanduku lako la mbao liko mlangoni limefungwa kwa kamba ya katani. Asubuhi utapanda treni kwenda Nairobi kusomea uuguzi. Mambo ya kula, kufua, kusali na wavulana mama yako ameyahubiri wiki nzima, na mimi sina la kuongeza. Nakuandikia juu ya mkebe.

Barua hii hutaibeba wewe. Tangu Hali ya Hatari itangazwe abiria wanashushwa Naivasha, siku nyingine Longonot, wanapekuliwa mpaka ndani ya soksi, na sitaki mtu akute maneno haya kwenye mfuko wako. Mama yako ataificha, kisha akuletee kwa mkono wake siku atakayokuja kukuona. Kwa hivyo ukisoma hapa, jambo ninaloliogopa litakuwa limeshatokea, au limepita na sisi tunalicheka. Kesho pale stesheni utaniuliza, "Baba, na mkebe wangu?" Nitakujibu kwamba utakufuata. Huo ni uongo, na ndio uongo pekee ninaokupa kwa safari hii.

Mkebe ni wako, hilo halina ubishi. Guga yako alikuwekea mikononi mbele yetu sote, akasema, "Hii ni ya Rispa. Siku ataenda kusoma mbali, aende nayo." Wewe ulikuwa mdogo, meno ya mbele hayapo, lakini ulizijua zile pesa kuliko mimi. Ulikuwa unazipanga kwenye mkeka wakati yeye anavuta kiko. Rupia za fedha. Hela za Wajerumani alizorudi nazo kutoka vita vya kubeba mizigo. Florini iliyokuja ikafa kabla watu hawajajua kuitaja. Kisha zile zenye tundu katikati, peni na ndururu na senti moja moja, amezitunga kwenye kamba moja ya ngozi, wafalme wakifuatana kama mabehewa.

Wewe ulimuuliza kwa nini haziendi dukani. Sijui kama unakumbuka jibu lake. Alisema alipokuwa kijana wa kutandika reli, aliweka rupia zake ndani ya chungu kwa ajili ya ng'ombe wa mahari, na alipokwenda kuzitoa aliambiwa serikali imebadilisha pesa, siku zimepita, hizo zake sasa ni chuma. "Pesa inaweza kulala pesa ikaamka bati," alisema, akacheka mpaka akakohoa. Tangu siku hiyo kila sarafu mpya iliyotoka aliweka chache ndani ya mkebe, ili asisahau. Watu wengine huacha ng'ombe. Baba yangu aliacha onyo.

Na mimi onyo la baba yangu nililipigilia misumari.

Unajua kisa, maana ulikuwa hapo unashika ngazi. Jiko letu la nyuma lilikuwa halijaezekwa na mawingu yalikuwa yameshuka mpaka mlima wa Menengai hauonekani kutoka hapa Nakuru. Njuguna, fundi wetu wa mlango wa tatu, alikuja na nyundo yake baada ya kazi, jinsi alivyokuwa anakuja kila mara nikimwita, na mabati yalikuwa yamepangwa vizuri. Kilichokosekana ni washa, vile visahani vya tundu vinavyovalishwa msumari. Msumari mtupu unatoboa bati na maji yanaingia. Duka la Mhindi lilikuwa limefungwa. Njuguna akaniambia kutoka juu, "Baba Rispa, bila washa hii ni kazi bure. Tungoje kesho." Mimi nikatazama mawingu, nikatazama mabati, halafu akili yangu ikaenda moja kwa moja chini ya kitanda, kwenye mkebe wako.

Sikukuuliza. Ulikuwa umesimama mkono mmoja kutoka kwangu na sikukuuliza. Nilifungua kamba ya guga, nikatoa peni sita zinazofanana, zile za mfalme aliyeacha kiti kabla hakijapata joto. Nilijiambia kwamba kwa kuwa ziko nyingi za namna moja, marehemu hatazikosa. Wewe uso ulikubadilika, nikajifanya sikuona. Njuguna alizigeuza kiganjani, akasema, "Lakini hii ni vitu ya marehemu."

"Marehemu hanyeshewi," nikamwambia. "Sisi ndio tunanyeshewa. Piga."

Akapiga. Tundu lilikaa kwenye msumari sawasawa kana kwamba mfalme mwenyewe aliagiza. Na kila msumari ulipoingia mimi chini nilikuwa naimba, "Mfalme, shika mabati! Mfalme, shika mabati!" Njuguna alicheka akakaribia kuanguka. Wewe pia ulicheka mwishoni, ingawa ulikuwa umenuna. Mvua ilikuja usiku ule na jiko halikuvuja hata tone.

Ingekuwa imeishia hapo ningekuwa nimelala saa hizi.

Rispa, unamjua baba yako. Kule karakana ya reli wananitengea nafasi kwenye benchi la chai kwa sababu ya hadithi zangu. Si kwa sababu ya kazi yangu, maana wako wanaonizidi kwa mbali. Nikiingia wanasema, "Haya, mzee, leta." Na mimi naleta. Wiki ile nilileta ya mabati. Na kama kila mtu mwenye ugonjwa wa kuchekesha, niliitengeneza kidogo. Niliona mimi kuimba chini ya ngazi si kichekesho kikubwa. Lakini Njuguna, mtu mpole, mtu wa maneno machache, amekaa juu ya paa kama kunguru, anampiga mfalme nyundo ya kichwa na kumwambia shika mabati, hiyo ndiyo ilikuwa tamu. Basi nikampa yeye maneno yangu. Niliigiza sauti yake, hata ile namna yake ya kuvuta r. Watu walimwaga chai kwa kicheko. Kesho yake wakaniomba tena, na nikairudia tena, tena kwa sauti kubwa zaidi.

Sikufikiria kwamba mimi ni Mluhya na yeye ni Mkikuyu. Hapana, hapo najidanganya. Nilifikiria. Ndiyo maana ilichekesha zaidi. Mwaka huu Mkikuyu akikohoa serikali inaandika, na mimi nilimfanya aimbe.

Siku askari walipokuja mimi nilikuwa Longonot na genge la kurekebisha reli, nawe ulikuwa kwa shangazi yako. Nilichokisikia nilikisikia kwa mama yako, na ameniambia mara moja tu. Lori lilisimama karibu na mfereji wa maji kukiwa bado kuna umande. Watu wa mstari wetu wa nyumba wakatolewa nje wakachutama. Ndani ya lori alikaa mtu aliyevikwa gunia kichwani, macho mawili tu, na mtu huyo alipofika mbele ya nyumba yetu hakunyooshea mtu kidole. Alinyooshea jiko.

Askari mmoja akapanda. Aling'oa peni moja kwa singe, akamletea Mzungu wao. Mzungu akaisoma akiizungusha, jina la mfalme mduara mzima, na tundu la msumari katikati. Karani wake akasema kwa sauti ya kila mtu kusikia kwamba nyumba zilizowekwa alama hiyo ndimo kinamoliwa kiapo cha waasi. Sijui hiyo aliitoa wapi. Nadhani aliitunga palepale, kama mimi ninavyotunga.

"Nani napiga musumari hii?" Mzungu akauliza.

Njuguna alikuwa amechutama na wenzake mlango wa tatu. Akasimama. "Ni mimi, effendi. Mimi ni fundi."

"Na wewe nasema kingi nashika bati?"

"Hapana, effendi. Mimi sikusema."

"Sasa nani nasema?"

Mama yako anasema Njuguna alimtazama yeye, akatazama mlango wetu uliofungwa, akatazama chini. Walimuuliza tena kwa kitako cha bunduki na bado hakujibu. Alijua ni nani, Rispa. Alikuwa juu ya lile paa, alisikia sauti ilikuwa inatoka wapi. Wakampandisha lori bila viatu.

Niliporudi kutoka Longonot nilikuta peni moja haipo juu ya jiko na Mama Wairimu, mkewe Njuguna, amekaa kwenye kizingiti chetu na watoto wake. Hakunilaumu. Alisema, "Baba Rispa, wewe unajua Kizungu kidogo, na wewe si wa kwetu. Wewe ukiwauliza watakusikia." Nikamwambia nitakwenda. Siku hiyohiyo ndiyo ilikuja habari kwamba umekubaliwa chuo, na kwamba watataka barua ya tabia njema ya nyumbani kutoka ofisi ya D.O., Mzungu anayesimamia tarafa yetu.

Hapa ndipo nataka unisome polepole. Sikwenda. Nilingoja barua yako ipigwe mhuri. Nilijiambia kwamba baba akishikwa leo, kesho hakuna mhuri, na mtoto anarudi kuchota maji. Barua ikatoka, nikajiambia ningoje tikiti. Tikiti ikatoka, nikajiambia ningoje upande treni. Wakati huo wote Mama Wairimu ananiamkia asubuhi kwa heshima ileile, na mimi napita upande wa choo ili nisikutane naye. Hilo sanduku lililofungwa kamba hapo mlangoni, Njuguna ndiye aliyekutengenezea, na alilileta kabla hata hatujajua kama utakubaliwa. Aliniambia, "Huyu lazima ataenda. Afadhali sanduku lingojee mtoto." Kila nikilitazama nasikia aibu kama mtu aliyeonekana uchi.

Sikuelezi haya ili uyabebe. Usiniandikie kwamba ni kwa ajili yako. Uoga ulikuwa wangu, nikauvisha jina lako ili upendeze. Nakueleza kwa sababu siku moja utasikia toleo la mtu mwingine, na watu wa hapa, kama baba yako, hutengeneza.

Sasa mkebe. Nimeuzungukia siku hizi zote kama kuku na nyoka. Mama yako alisema tangu mwanzo, "Tupa choo. Hii mkebe itatumaliza." Nilimwambia huwezi kutupa choo kitu ambacho mzee alikibeba kutoka vitani. Akasema, "Basi mbebe wewe kwa mgongo, mimi nina watoto." Nilikwenda kwa sonara wa Bazaa nikiwa na rupia mbili tu mfukoni, na nyingine nikamweleza kwa mdomo. Alizigonga kwenye meza akasikiliza, akasema fedha ni safi, atayeyusha zote atengeneze bangili, lakini hizo za tundu hazitaki, hizo ni takataka. Nilitazama mizani yake nikaona guga yako anayeyushwa mara ya pili. Nikazirudisha mfukoni. Nilifikiria kuzika shambani, lakini jirani wa kutazama hakosekani siku hizi. Jana jioni kuna mtu nisiyemjua alisimama kwenye mfereji bila ndoo. Alisimama tu, anatazama jiko. Nilipomsalimia aliondoka bila kuitika.

Na nilifikiria kukupa wewe, kama mzee alivyosema. Hilo ndilo lilikuwa gumu zaidi, kwa sababu ndilo la haki. Lakini nikakuona umeshushwa Naivasha, sanduku limefunguliwa kwenye kokoto, na askari ananyanyua kamba ya pesa zenye tundu, pesa sita zimepungua. Na wewe, kwa kuwa nimekulea kusema kweli, unaanza kueleza.

Kwa hivyo nimeamua hivi. Jioni hii, ulipokwenda kuaga kanisani, nilipanda juu ya jiko nikang'oa zile peni tano zilizobaki. Nimezirudisha kwenye kamba mahali pake. Zimepinda kidogo na zina kutu ya msumari, lakini ukizitazama na dada zake utajua ni za tumbo moja. Kesho treni yako ikishaondoka, nitatoka stesheni moja kwa moja mpaka ofisi ya D.O., na mkebe chini ya kwapa. Nitamwaga zote mezani kwake kama ulivyokuwa unazipanga kwenye mkeka. Nitamwonyesha rupia, nimwonyeshe hela, nimwonyeshe wafalme kwa mpangilio wao, na pengo la ile moja waliyoichukua. Nitamwambia, hii si alama ya kiapo, hii ni mali ya mzee aliyewabebea ninyi mizigo ya vita. Mimi ndiye niliyezitoa. Fundi alipiga mahali nilipomwambia apige. Na yale maneno ni yangu, niliyasema mimi nikiwa chini ya ngazi, na karakana nzima niliidanganya.

Bila mkebe nitakuwa Mluhya mwenye mdomo tu. Nikiwa nao, labda atatazama. Mama yako anauliza, na asipotazama? Basi hata hivyo Njuguna hatakuwa peke yake mle ndani na maneno yangu.

Nilimwambia mama yako nina hoja moja zaidi ya kumpa D.O., kwamba mfalme yule niliyempigilia ndiye waliyemtoa kitini wao wenyewe, kwa hiyo tumefanana. Alinishika mdomo kwa mkono wote. "Wewe! Hata sasa?" Tulicheka, Rispa, kwa kunong'ona ili tusikuamshe. Halafu akalia. Sitaisema. Ila unaona jinsi ulimi huu ulivyo, unaona nyoka ananyemelea na bado unataka kumpigia mluzi.

Mkebe hautarudi. Vitu vikiingia mle ofisini huwa havitoki, hata kama watu wanatoka. Ulikuwa urithi wako na baba yako ameutumia mara mbili, mara ya kwanza kwa uvivu wa kungoja duka lifunguliwe, mara ya pili kwa hili. Ya kwanza niombee msamaha kwa guga yako ukimwota. Ya pili nadhani angeniambia nimechelewa.

Nilitaka kukuachia moja. Nilikuwa nimeshashika ile senti ndogo kabisa, nitie ndani ya pindo la gauni lako, ndipo nikakumbuka kamba ina pengo moja tayari, na kila pengo nitaulizwa. Kwa hivyo hukupata hata senti moja ya babu yako. Umepata sanduku la Njuguna. Litunze. Vifuniko vya pembe zake ni vya bati letu lililobaki, ukipitisha kidole utasikia.

Huko hospitalini watakupenda kwa uchangamfu wako, maana huo umeurithi kwangu na haupekuliwi na mtu. Utakuwa na hadithi za wagonjwa, na utaona jinsi hadithi inavyonoga ukiigeuza kidogo na kumwekea mwenzako mdomoni. Najua utamu huo. Cheka, mwanangu, sikukatazi kucheka hata leo. Lakini maneno yako yaache kinywani mwako, hata yakiwa machungu ukiyameza.

Mawingu yamerudi. Upepo unaleta harufu ya ziwa na kule barabarani kuna gari limepunguza mwendo, sasa limeendelea. Jiko lina matundu sita. Mama yako ameshapanga sufuria chini yake, na ameniambia nikitoka ofisini nipitie dukani ninunue washa. Amesema hivyo bila kunitazama. Nimemwambia nitanunua.

Nitakupungia mkono kesho nikiwa nacheka, na utadhani ni furaha tu. Ilikuwa furaha pia. Na popote utakapokuwa, mtu akikusimulia kichekesho cha Mkikuyu mmoja wa Nakuru aliyempigilia mfalme kwenye paa akimwambia shika mabati, usicheke kwanza. Mwambie huyo fundi hakusema neno. Mwambie aliyesema ni baba yangu, na umtajie jina langu lote.

Baba yako,
ambaye jina lake unalijua.